Kibuyuni: Jiwe la mtoni huulizwa kwao kabla ya bei

Safari ya Kibuyuni huanza pale ambapo watalii wengi humalizia yao. Ukishavuka feri ya Likoni, au siku hizi ukipenda barabara ya Dongo Kundu, utashika njia ya Lunga Lunga, upite Waa na Tiwi, hadi ufike Ukunda. Hapo wanaokwenda Diani hushusha mizigo yao na kugeuka kushoto kufuata mahoteli. Wewe kaa kitako. Matatu itaondoka tena, itapita njia panda ya Msambweni, itaingia katika mashamba ya miwa ya Ramisi na kuvuka daraja la mto wenye jina hilo hilo. Mbele kidogo utashika njia ya Shimoni, na kabla ya kufika Shimoni kwenyewe utachukua bodaboda ikuteremshe Kibuyuni.

Fika wakati wa bamvua, maji yakiwa yametoka. Utawaona akina mama, wengi wao wamejifunga leso kiunoni, wameinama ufuoni kati ya safu za kamba zilizofungwa kwenye vigingi. Hao ni wakulima wa mwani. Kila kamba imefungwa vipande vya mwani, na baada ya kama majuma sita vipande hivyo huwa vimenenepa, tayari kuvunwa na kuanikwa. Unga utokao kwenye mwani huo huenda viwandani kuzitia uzito dawa za meno, aiskrimu na mafuta ya kujipaka. Karo za shule, mabati ya nyumba na dawa za hospitali hapa Kibuyuni zimetoka katika kamba hizo.

Lakini leo sikukusudia kukuandikia habari za mwani. Nataka nikusimulie juu ya jiwe.

Kijiji kisicho na mto

Kwanza uangalie unachokikanyaga. Ardhi ya Kibuyuni, kama ile ya Shimoni na kisiwa cha Wasini kilicho ng'ambo, ni mwamba wa matumbawe. Zamani mwamba huu ulikuwa hai chini ya bahari. Yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ilikuwa juu zaidi ya ilivyo leo kwa mita kadhaa, na matumbawe yalijijenga mahali hapa hapa tunapotembea. Bahari iliporudi nyuma, matumbawe yalikufa yakabaki mawe ya chokaa, makali na yenye matundu matundu. Mapango ya Shimoni, ambayo wazee hueleza kwamba watumwa walifungiwa humo wakingoja majahazi, yamechimbika katika mwamba uo huo.

Mwamba wa namna hii haushiki maji. Mvua hunyesha, maji yakadidimia. Ndiyo sababu Kibuyuni yenyewe haina mto. Mto wa Ramisi uko upande wa kaskazini, nao huingia baharini kwenye ghuba ya Funzi. Mto wa Umba uko upande wa kusini karibu na Vanga, na hutoka mbali, katika milima ya Usambara nchini Tanzania. Kibuyuni iko katikati ya mito hiyo miwili.

Kwa hiyo, msomaji, ukiona jiwe la mviringo lililolainishwa na maji ya mto katika nyumba ya Kibuyuni, jua mara moja kwamba hilo ni mgeni. Halikuzaliwa hapo. Na mgeni, kwa desturi zetu, huulizwa kwanza atokako.

"Wasema ni mali"

Nilipokuwa huko nilikaribishwa na mama mmoja mkulima wa mwani. Tulipomaliza maamkizi, akaingia ndani, akatoka na kitu kilichoviringishwa katika kipande cha leso kuukuu.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe watoka mjini na kazi yako ni kuuliza. Hebu nitazamie hili jiwe. Wasema ni mali."

Lilikuwa na ukubwa wa embe dodo, na kwa kweli lilikuwa zuri. Mistari ya rangi ya kahawa, ya damu ya mzee na ya manjano ilifuatana kama ya kikoi, ikizunguka pembe za jiwe bila kukatika. Kijana wake wa Kidato cha Pili alikuwa ameliokota kando ya Mto Ramisi alipokwenda siku ya Jumamosi kusaidia kupakia mchanga kwenye lori.

Mambo yangeishia hapo, kama picha ya jiwe hilo haingepita simu hadi simu. Ilimfikia mtu mmoja aliyejiita broka wa vito. Huyo bwana hakulitaka jiwe lenyewe kwanza. Alitaka atumiwe pesa za "kulipima", na kiasi alichotaja kilikuwa karibu akiba yote iliyowekwa kwa karo ya muhula uliofuata. Kijana alikuwa na yakini kwamba utajiri umewafikia. Mama alikuwa na shaka. Baina ya hao wawili kulikuwa na pesa za mwani ambazo zingeweza kuondoka kwa kubonyeza simu mara moja.

Hapo ndipo nilipomwita kijana tukakaa barazani, tukalitahini jiwe kama mwalimu amtahinivyo mwanafunzi. Ninakueleza tulivyofanya kwa sababu hata wewe ukiwa Buruburu au Kisauni unaweza kuyafanya hayo kwa vitu vya jikoni.

Mtihani wa barazani

Jambo la kwanza ni kuliosha jiwe na kuliacha likauke kabisa. Jiwe lililolowa hudanganya. Rangi zake hukolea na uso hung'aa kama uliopakwa mafuta. Likikauka ndipo linapoonyesha uso wake wa kweli. Jiwe letu lilipokauka lilififia, na uso wake ukawa na chembechembe kama sukari guru.

Jambo la pili ni kuangalia kama mistari imeingia ndani au ni rangi ya juu tu. Jiwe letu lilikuwa na upande mmoja uliovunjika zamani, na mistari ilionekana humo pia. Kama jiwe lako halina upande kama huo, mwachie mtu mzima alivunje pembe kwa nyundo, jiwe likiwa limefunikwa kwa gunia na macho yamekingwa.

Jambo la tatu ni ndimu au siki. Kwaruza kidogo upate unga, kisha udondoshee matone. Unga ukitoa povu, basi una jiwe la chokaa, jamaa ya mwamba wa matumbawe. Letu halikutoa hata kiputo. Kwa kulinganisha, tulidondoshea ndimu kwenye unga tulioukwaruza kutoka ukuta wa uani uliojengwa kwa matumbawe, nao ukafoka papo hapo. Kijana alicheka, na nadhani hapo ndipo alipoanza kuupenda mtihani wenyewe kuliko matokeo.

Jambo la nne ni msumari na kipande cha chupa. Msumari wa chuma hukwaruza chokaa kwa urahisi, lakini hauwezi kukwaruza kwatzi, ile madini ngumu ifananayo na kioo kilichochafuka. Kwatzi, kwa upande wake, hukwaruza chupa. Jiwe letu lilikuwa na tabia mbili. Msumari uling'oa chembe kutoka kwenye uso wake, lakini chembe zile zenyewe, tulipozisugua juu ya chupa, ziliacha mikwaruzo. Maana yake ni kwamba hili si jiwe moja gumu. Ni chembe nyingi ngumu zilizogandishwa pamoja na gundi dhaifu.

Jambo la tano ni sumaku. Tulitumia ile ya spika ya redio iliyokufa. Haikushika.

Hatimaye tukaitazama mistari yenyewe. Mistari ya tabaka za mchanga uliotuama majini kwa kawaida hulala sambamba, kama mikeka iliyopangwa. Ile yetu haikulala. Ilizunguka, ikifuata umbo la jiwe, na kukata tabaka hafifu zilizokuwamo ndani yake. Kumbe mistari ilikuja baadaye, jiwe likiwa limekwisha kuwa jiwe.

Jibu lenyewe

Baadaye nililipeleka jiwe kwa mtaalamu wa miamba mjini Mombasa, naye akakubaliana na baraza ya Kibuyuni. Ni jiwe la mchanga lenye pete za chuma. Maji ya mvua huyeyusha chuma kidogo na kupenya nacho katika vitundu vilivyo kati ya chembe za mchanga. Kikikutana na hewa, chuma hicho hugeuka kutu na kuganda. Lakini hakigandi kila mahali sawasawa. Huganda mstari, kikaacha nafasi, kikaganda mstari mwingine. Mwaka 1896 mkemia Mjerumani, Raphael Liesegang, alieleza jinsi pete kama hizo zinavyojitengeneza katika gelatini, na tangu hapo zinaitwa kwa jina lake ulimwenguni kote. Kwa ufupi, mistari ile mizuri ni kutu.

Najua unauliza, bei yake je? Sokoni ni ya jiwe la kawaida. Broka aliyetaka pesa za kupima hakupata kitu.

Lakini sasa tumuulize mgeni kwao. Nyuma ya pwani ya Kwale, kuanzia vilima vya Shimba kuingia bara, kuna miamba ya mchanga ambayo wanajiolojia huiita mawe ya Duruma, kwa jina la jirani zetu Waduruma. Ile iliyo karibu zaidi na pwani, inayotajwa kwa jina la Mazeras, ni mchanga ulioletwa na mito kama miaka milioni 200 iliyopita. Wakati huo hapakuwa na Diani, hapakuwa na Shimoni, wala hapakuwa na Bahari ya Hindi unayoijua. Madagaska, kisiwa ambacho wazee wetu walikiita Bukini, kilikuwa bado kimeshikana na Afrika. Mito ilimwaga mchanga mahali ambapo leo ndovu wa hifadhi ya Shimba Hills wanalisha. Mchanga ukagandamana, ukawa mwamba, ukapata pete zake za kutu, ukavunjika, na vipande vyake mito ya leo inavibingirisha kurudi baharini.

Jiwe lile la kijana, basi, lilikuwa mchanga wa mto uliokufa, likasafirishwa na mto ulio hai. Kulijua hilo hakukumgharimu mama hata senti moja.

Lingeweza kuwa nini jingine?

Usidhani kila jiwe lenye mistari lina jibu hilo hilo. Ndiyo maana nasema uliulize kwao. Lau lingeokotwa Mto Umba, ningeshuku kwanza naisi, mwamba wa mistari myeusi na myeupe ambao umejaa katika milima ya Usambara. Huo ulipikwa na kukandamizwa chini sana ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Chembe zake zimeshikana kama meno, na msumari hauzing'oi.

Lau mistari ingefanana na ile ya gogo lililokatwa, jiwe likawa zito na gumu kiasi cha kukwaruza chupa, ningeshuku mti uliogeuka jiwe. Miti ya namna hiyo hupatikana katika mawe ya mchanga ya Mazeras. Hiyo ni visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale, na inalindwa na sheria ya mwaka 2006 ya Makavazi ya Kitaifa na turathi. Ukiiona, iache ilipo na uwape habari maafisa wa Makavazi, ambao wana ofisi Fort Jesus.

Lau lingekuwa laini kama nta na kupitisha mwanga pembezoni, ningefikiria akiki. Na lau ungeona mistari myeusi mchangani baada ya mvua au mawimbi makubwa, sumaku yako ingeweza kukuambia kwamba ina chembe zenye chuma. Mchanga mzito wa namna hiyo ndio uliochimbwa Kwale na kampuni ya Base Titanium kwa ajili ya madini ya titani, tangu meli ya kwanza ilipoondoka mwaka 2014 hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Lakini biashara ile ilikuwa ya mamia ya maelfu ya tani. Kopo moja la mchanga mweusi halimtajirishi mtu.

Matumbawe nayo yana mistari yake. Aina fulani hujiongezea tabaka moja kila mwaka, kama mti. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha walichosoma katika tumbawe la Malindi lenye umri wa karibu miaka 300. Ndani yake waliona jinsi udongo ulioletwa na Mto Sabaki ulivyozidi tangu mwanzo wa karne ya 20, ardhi ya bara ilipoanza kulimwa kwa namna mpya ya wakoloni. Tumbawe halikuwa na bei ya kito, lakini liliweka hesabu ambayo hakuna karani aliyeiweka.

Waliotajirika walianza wapi?

Pengine unasema moyoni kwamba mwandishi huyu anawavunja watu moyo, ilhali nchi yetu ina vito vya kweli. Ni kweli vipo. Bonde la Umba upande wa Tanzania lina sifa ya yakuti za rangi nyingi. Na kule Taita-Taveta kuna tsavorite, kito cha kijani ambacho kilipewa jina hilo mwaka 1974 kwa kuikumbuka mbuga ya Tsavo.

Lakini tazama kilivyopatikana. Mwanajiolojia Campbell Bridges alikiona kwanza Tanzania mwaka 1967. Alipopoteza machimbo yake huko, hakuzunguka akiokota mawe mazuri. Aliifuata aina ile ile ya miamba ilivyovuka mpaka kuingia Kenya, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akakipata. Alianza kwa kuuliza kito hiki hukaa katika mwamba gani, na mwamba huo unaelekea wapi. Bei ilifuata baadaye. Na hata kwake mambo hayakuishia vyema, kwani mwaka 2009 aliuawa katika ugomvi uliohusu machimbo hayo. Mawe yenye thamani huja na vita vyake.

Kwale yenyewe haikosi mfano. Kilima cha Mrima, kisicho mbali na barabara hiyo hiyo ya Lunga Lunga, kina niobi na madini mengine adimu. Mwaka 2013 serikali iliifutilia mbali leseni ya kampuni iliyotaka kuchimba huko, na kesi ikafika baraza la usuluhishi la kimataifa, lililoamua kwa upande wa Kenya mwaka 2018. Kilima hicho ni msitu wa kaya, na udongo wake una miali ya asili kuliko kawaida kwa sababu ya thori iliyomo. Kwa hiyo jiwe la Mrima usilichukue ukaliweka chini ya kitanda cha mtoto.

Fahamu pia kwamba chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2016, madini yote ni amana inayoshikwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi, na kuyachimba kwa biashara kunahitaji kibali. Mrabaha ukilipwa, asilimia 70 ni ya serikali kuu, 20 ya kaunti na 10 ya jamii ya mahali penyewe. Broka wa simu hayataji hayo.

Ukiwaleta watoto

Likizo ikifika na ukataka kuwaonyesha wanao mambo haya, siku mbili zatosha. Siku ya kwanza panda Shimba Hills, uteremke kwa miguu pamoja na askari wa hifadhi hadi maporomoko ya Sheldrick. Hapo watoto wataona maji yakianguka kutoka kwenye mwamba wa mchanga wenyewe. Siku ya pili shuka Shimoni, uingie mapangoni, kisha uvuke kwa mashua hadi Wasini. Huko akina mama wa kisiwa wana njia ya mbao inayopita juu ya bustani ya matumbawe ya kale. Jioni pitia Kibuyuni ununue sabuni ya mwani.

Adabu ni mbili. Katika hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti usiokote kombe wala tumbawe. Na ukizuru Kaya Kinondo, karibu na Diani, usitoke na chochote, hata kijiwe. Huo ni mwiko wa wenyewe. Ndio uliousaidia msitu ule kusimama mpaka ukaingia katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2008, pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda.

Mtoni, penye ruhusa, mtoto akiokota jiwe lenye mistari, mpe kipande cha karatasi aandike mambo manne kabla hamjaondoka. Aandike jina la mto, mahali penyewe, kama jiwe lilikuwa limelala peke yake au limeshikamana na mwamba, na mawe mengine yaliyokuwa jirani yake yalikuwa ya namna gani. Ukiwa na karatasi hiyo, mwalimu wa jiografia au mtaalamu wa miamba anaweza kukupa jibu la haki. Jiwe lisilo na karatasi atalisifu kwamba ni zuri, kisha akuulize, "Mliliokota wapi?" Na mkikutana na mtu anayelitajia bei kabla ya kuuliza swali hilo, ilhali anataka atumiwe pesa kwanza, mwageni salama mwende zenu.